Gramu Ishirini na Mbili

"Usiguse," asema Leokadia,
na mkono wangu unaganda juu ya nyama ya kusaga
kama mkono wa mwizi.
Kikaango kimeshika moto, kitunguu kinalalama mafutani.
Lakini mizani kwanza.

Mizani ya shaba, ya posta ya zamani,
aliyopewa siku ya kustaafu badala ya saa.
Miaka thelathini na moja aliipimia barua za watu,
za mapenzi na za madeni, uzito mmoja bei moja,
na hakuwahi kuweka kidole gumba
pale pasipotakiwa kidole.

Lebo inasema: gramu mia tano.
Lebo ina mdomo mzuri.

Anapasua nailoni kwa wembe.
Sahani ya plastiki: kumi na nne. Nailoni: mbili na ushee.
Na kile kitambaa cha chini, kinyonya damu,
kilichovimba kama kupe,
anakiinua kwa koleo, anakipima peke yake:
kumi na tisa.
"Kikiwa kikavu ni gramu tatu," ananiambia
(aliwahi kukianika juu ya hita, nikadhani soksi).
"Kumi na sita ni maji. Tumeuziwa maji,
Zdzisław, kwa bei ya ng'ombe."

Nyama yenyewe: mia nne themanini na saba.
Anaandika. Daftari lina tarehe, duka, saa,
na safu ya mwisho yenye neno moja tu
linaloteremka ukurasa mzima:
pungufu, pungufu, pungufu.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kibaba cha nani, hawasemi.

Mimi nilikuwa dereva wa tramu.
Dakika tatu mbele, dakika tatu nyuma, nani alikufa?
Siku moja nilimwambia hivyo. Hakunijibu.
Alitoa kwenye droo ya vijiko
kadi ya mgao ya mama yake, ya mwaka themanini na moja,
pembe zimeliwa na mkasi,
akaiweka kwenye sahani ya mizani.
Mkono wa mizani haukusogea.
"Kwa uzito huu," akasema,
"mama alipanga foleni toka saa tisa usiku, ndani ya theluji,
na alipofika mbele, muuzaji akakohoa
huku ameegemea mizani."

Ikaja pakiti ya kumi na tano.
Akanyamaza. Akapangusa mawe ya mizani kwa aproni. Akapima upya.
Mia tano ishirini na mbili.

Nikacheka: "Leo wamejipunja wenyewe!"
Yeye hakucheka.
"Mwenye kudai gramu hadai upande mmoja."
Akakata ishirini na mbili, donge la kujaa kijiko,
akalifunga kwenye karatasi ya siagi,
akavaa koti, akavaa kofia,
tukavuka mto Brda kwa miguu, upepo ukitupekua mifuko,
yeye ameishika nyama ile
kama anarudisha kinda la ndege kiotani.

Kaunta ya malalamiko. Kijana Olgierd,
jina kifuani, chunusi kidevuni.
Ana fomu ya kilichooza. Ana fomu ya kilichovunjika.
Alitafuta kwenye kompyuta, akampigia msimamizi,
msimamizi yuko likizo.
"Mama, sasa hii niifanye nini?"
"Irudishe."
"Niirudishe wapi?"

Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshafika kwenye mayai.

Mwishowe akaifungua karatasi,
akaiweka nyama tupu kwenye mizani yake ya umeme.
Tarakimu nyekundu zikatetemeka, zikatulia:
ishirini na moja.

Leokadia akaitazama karatasi.
Akakitazama kidole chake gumba,
penye alama nyekundu iliyoanza kukauka.
Akafungua mkoba, akatoa daftari,
tarehe, saa, pungufu: moja.
Na kwenye safu ya duka,
kwa mwandiko uleule wa posta, ulionyooka,
akaandika anwani yetu.